Sanamu ya kitambaa imelegea, nipake mpira?

SWALI: Nashona sanamu kubwa za kitambaa zenye umbo la mapafu na mizizi. Nazijaza vipande vya sponji ya godoro kuukuu na kuzitundika kwenye ukumbi karibu na ziwa. Masika yamepita, juu zimebaki tupu, chini zimevimba, na zinanuka uvundo. Fundi anasema nizipake utomvu wa mpira, zitakaza na hazitaoza. Nimsikilize? (Msomaji, Ilemela)

JIBU: Usimsikilize, ndugu yangu. Kila mvua zikiisha naletewa swali hili, na kila mara nyuma yake yupo fundi mwenye ndoo ya mpira.

Kulegea kuna dawa. Fumua mshono wa nyuma, ugawe ndani kwa vikuta vya kitambaa cha marekani, kila chumba ukijaze peke yake. Pitisha kamba ya nailoni ya nyavu, hiyo inayouzwa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, uishone kwenye kila kikuta ili uzito ubebwe na kamba. Sponji tupa, unyevu na mwanga huimaliza. Ukiifinya ikiwa imechoka, vidole vinabaki na unga wa njano. Weka sufi iliyoanikwa juani.

Sasa huo mpira. Ukiupaka juu ya pamba yenye unyevu, unaufungia unyevu ndani na ukungu unaendelea kula kitambaa usipouona. Mpira wenyewe hauna maisha: hewa na mwanga huugeuza kahawia, unakakamaa, kisha unapasuka. Msanii Eva Hesse alipaka utomvu huo kwenye kitambaa chepesi huko New York mwaka 1969; leo kazi zake hizo zimekuwa kahawia na ngumu, na wahifadhi wa makumbusho wanahangaika nazo. Lakini msanii mwingine, Magdalena Abakanowicz wa Poland, alifuma mkonge, zao tunalolima wenyewe, na mafumo yake ya miaka ya 1960 yalitundikwa tena Tate Modern, London, mwaka 2022.

Kinachoniudhi ni kuona ulaini unatibiwa kama ugonjwa. Pafu hulegea, tumbo hulegea. Kazi yako ni kuchagua lilegee wapi. Anayetaka kitu kigumu achonge mninga.

Na sasa wanapaka kila kitu: vikapu, mikeka, hata kanga za marehemu bibi zinazowekwa kwenye fremu. Fundi akikujia na kopo lisilo na lebo, mwambie alete kitambaa alichokipaka miaka miwili iliyopita, ukikunje mbele yake.