Kadi za grafiki za bei kali: soma uhakiki wa mwanzo kwa joto la Mombasa

Kadi mpya ya grafiki, kile kipande cha kompyuta kinachochora picha za skrini, ikitoka, uhakiki wote huchapishwa karibu saa ile ile, kwa sababu watengenezaji huwapa wahakiki kadi mapema na kuwafunga mdomo hadi siku waliyopanga. Usiku huo huo simu yangu huanza kuita. "Ndugu yangu, ipi kali kati ya hizi mbili?" Anayeuliza ameshaona chati moja na roho yake imeshachagua, anataka tu nimuunge mkono. Mimi huunda kompyuta za wacheza gemu na wahariri wa video za harusi hapa Mombasa, na jambo la kwanza ninalotaka kujua ni kama chumba chake kina AC.

Wahakiki wakubwa wengi hupima kadi katika vyumba vya nyuzi 20 na kidogo, mara nyingi kompyuta ikiwa wazi mezani bila kasha. Sisi msimu wa kaskazi, Februari na Machi, mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku haupoi. Kadi hupozwa na hewa ya chumba, kwa hiyo chumba kikipanda nyuzi kumi, kadi nayo hupanda karibu kumi, feni zikiwa na mwendo ule ule. Nimeipima kadi moja asubuhi na AC, nikaipima tena mchana kwa feni ya dari peke yake, gemu ile ile, na ndivyo ilivyokuwa. Kisha feni za kadi huongeza mwendo, kelele zinapanda, na kadi yenyewe hupunguza kasi kidogo kidogo ili isiungue. Kwa hiyo kwenye uhakiki wowote natafuta kwanza joto la chumba walichopimia. Mhakiki asiyelitaja, namba zake za joto siziweki kwenye hesabu yangu.

Mfano ninaopenda kuutumia ni wa mwisho wa 2022. Kampuni ya NVIDIA walitoa kadi ya RTX 4080 mwezi Novemba kwa dola 1,199. Desemba wapinzani wao AMD wakajibu na RX 7900 XTX kwa dola 999. Ya AMD ilikuwa na gigabaiti 24 za kumbukumbu, ya NVIDIA 16. Uhakiki wa siku za kwanza ulikubaliana kwa jumla: kwenye gemu za kawaida kadi hizi zilikwenda bega kwa bega, AMD ikitangulia kidogo hapa na pale, lakini ukiwasha reitresingi, ule mwanga na vivuli vinavyokokotolewa kwa kufuata miale, NVIDIA iliipita waziwazi. Wengi walifunga ukurasa hapo wakasema AMD ni nafuu, kazi imekwisha.

Kurasa za nyuma ndizo zilizotuhusu sisi. 7900 XTX ilipangiwa wati 355, 4080 wati 320, na kwenye gemu nyingi 4080 haikufika hata hizo. Kila wati inayoingia kwenye kadi hutoka ikiwa joto, hakuna pengine inapokwenda. Chukua chumba cha Kisauni chenye dirisha moja: ukicheza saa nne umemwaga humo uniti 1.4 za stima kwa 7900 XTX peke yake, bila prosesa (ubongo wa kompyuta) wala monita. Tofauti ya tokeni za stima kati ya kadi hizi mbili ni ndogo, sitamdanganya mtu. Kinachomfukuza mtu kwenye kiti ni jasho.

Kuna jambo jingine ambalo chati ya gemu haikulionyesha kabisa. Wahariri ninaowahudumia karibu wote hutumia monita mbili, na kompyuta inawaka kutwa. Uhakiki wa mwanzo ulionyesha 7900 XTX ikila karibu wati 100 na monita mbili huku haifanyi kazi yoyote, wakati 4080 ilikula sehemu ndogo tu ya hizo. AMD walilikiri kwenye maelezo ya draiva zao, zile programu zinazoendesha kadi, na draiva za baadaye zikapunguza kwa baadhi ya watu. Ongeza kwamba kwenye Blender, programu ya kuunda picha za 3D, 4080 iliiacha nyuma kwa mbali. Kwa mhariri wa video nilisema 4080 bila kusita, ingawa ilikuwa ghali zaidi. Kwa kijana wa gemu tupu, asiyejali reitresingi, na mwenye AC, nilisema AMD.

Halafu yakatokea ambayo uhakiki wa siku ya kwanza haukuweza kuyaona. Wiki chache baada ya mauzo kuanza, wenye kadi zilizotengenezwa na AMD wenyewe walianza kuona sehemu yenye moto zaidi ya kadi ikigonga nyuzi 110 na kasi ikishuka. Mhandisi wa Ujerumani anayejulikana kama der8auer alizipima, akaona kwamba hata namna kadi ilivyolazwa ilibadilisha joto. Januari 2023 AMD walikiri: baadhi ya vipoza havikuwekewa maji ya kutosha ndani ya chemba yake ya mvuke, ile sehemu iliyozibwa ambamo maji hugeuka mvuke ili kubeba joto. Kadi za kampuni washirika, zenye vipoza vyao wenyewe, hazikuguswa na tatizo hilo. Hii ndiyo sababu nawasihi watu wasubiri angalau mwezi mmoja. Bei nayo mara nyingine humsaidia anayesubiri: Januari 2024 NVIDIA walitoa RTX 4080 Super kwa dola 999.

Kuhusu maneno ya jukwaani, pita haraka. Januari 2025, mjini Las Vegas, bosi wa NVIDIA Jensen Huang alisema RTX 5070 ya dola 549 itatoa utendaji wa RTX 4090, ambayo ilianza kwa dola 1,599. Hesabu hiyo ilitegemea fremu (picha moja moja zinazofuatana kwenye skrini) zinazobuniwa na programu, hadi tatu kwa kila fremu halisi. Uhakiki ulipotoka Machi, bila fremu hizo, 5070 ilikuwa mbali nyuma. Tazama chati ya fremu halisi, na tazama fremu za chini kabisa, ile asilimia moja ya chini, maana huko ndiko gemu inakokatakata.

Tazama pia monita yako. Wahakiki hutumia prosesa kali kuliko zote sokoni. Ukiwa na prosesa ya miaka mingi na monita ya 1080p, ile ya ukali wa picha wa kawaida, kadi hizi za bei kali zitakupa karibu namba sawa, kwa kuwa prosesa ndiyo itakayokuwa inasubiriwa. Nunua monita kwanza.

Na bahari tunaishi nayo. Niliwahi kufungua kadi iliyotoka nyumba ya karibu na ufuo wa Nyali: skurubu zina kutu, bamba linaloshikilia kadi kwenye kasha limeanza kumomonyoka, na vumbi limeshikana na unyevu na chumvi hadi hewa haipiti kwenye mapezi ya alumini. Nililitoa kwa brashi ndogo na spiriti. Tangu hapo, kati ya modeli mbili za kadi ile ile, nachagua yenye kipoza kikubwa na feni tatu, hata kama muuzaji anaongeza elfu kadhaa.

Wanaoniuliza sasa juu ya RX 9070 XT ya AMD na RTX 5070 Ti ya NVIDIA, za mwaka 2025: zote zina gigabaiti 16, na wati ni 304 kwa 300, kwa hiyo joto haliamui. Bei za kuanzia zilikuwa dola 599 na 749, lakini madukani zilipanda juu ya hapo mara moja, na za Marekani hutajwa bila kodi wakati sisi tuna VAT ya asilimia 16 na ushuru mwingine. Reitresingi ya AMD imesogea karibu sana. Kwa gemu, tofauti ya bei hapa Mombasa ikizidi shilingi 20,000, chukua 9070 XT. Kwa Blender, baki na NVIDIA.

Ukiletewa na jamaa kutoka Dubai, uliza kabla hajalipa kama waranti inafanya kazi Kenya. Ukinunua dukani, omba iendeshwe nusu saa kwenye gemu nzito mbele yako, kasha likiwa limefungwa. Soma joto kwenye skrini, sikiliza feni, shika plagi ya umeme uhakikishe imezama yote hadi mwisho, kisha ndipo uombe risiti yenye namba ya kadi.