Rola na Brashi kwa Gari Lililopauka

SWALI: Shikamoo fundi. Gari langu jekundu limepauka boneti na paa, ukilipapasa linakuachia unga mkononi. Chini ya mlango wa nyuma kutu imeanza kufura. Gharama niliyotajiwa ya kupulizia rangi inakaribia bei ya gari lenyewe. Nataka kupaka mwenyewe kwa rola, ila jirani ananiambia rola ni ya ukuta. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli. Magari ya mwanzo yalipakwa kwa brashi, tabaka moja likisubiri jingine likauke, na kazi ilikula wiki kadhaa. Bunduki ya kupulizia ilishika kasi miaka ya 1920, zilipoingia rangi za kukauka upesi kama Duco. Kwa hiyo rola haina kosa. Ila ujue mapema kwamba utashika msasa muda mrefu kuliko utakavyoshika rola, na mtu asiyeupenda msasa namshauri aliache gari lake lilivyo.

Nimefurahi kusikia ni jekundu. Rangi ya metaliki haipakiki kwa rola: chembe zake hulala ovyo na gari hubaki na mabaka. Wewe chukua rangi ya mafuta ya kung'aa, ya chuma na ya nje. Ukishawishiwa kununua rangi ya kuchanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha rangi, kataa. Hadina nyingi zina aisosianeti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya kudumu, na kitambaa cha kujifunga puani hakiizuii. Hapo sina mjadala.

Anza na kutu. Ikwangue mpaka chuma king'ae, maana ukiifunika kwa rangi itaendelea kula chini kwa chini. Tena iliyo chini ya mlango kwa kawaida imetokea ndani: pale kwenye ukingo wa chini kuna vitundu vya kutolea maji, vikiziba kwa tope maji hutuama humo. Vizibue kwa waya kabla ya kitu kingine chochote. Kisha praima (rangi ya msingi), puti (lipu ya kuzibia mashimo ya bodi) nyembamba kwenye mashimo, na praima tena juu ya puti. Puti hunywa maji, kwa hiyo ipige msasa mkavu, usiilowanishe ikiwa wazi.

Sehemu nyingine zote zioshe kwa sabuni, zifute kwa tapentaini, ndipo upige msasa wa maji namba 400 mpaka gari zima lififie na ule unga uishe. Usianze na msasa kabla ya kufuta. Polishi za zamani huwa na silikoni, nawe utaisugulia ndani ya mikwaruzo, halafu rangi mpya itajikusanya pembeni na kuacha vishimo vya mviringo.

Sasa rangi. Ipunguze kwa thina iliyoandikwa kwenye kopo, kidogo kidogo, mpaka ukiinua kijiti idondoke matone ya harakaharaka. Tumia rola ya sponji ya inchi 4. Yenye manyoya itakuachia manyoya. Paka kivulini, pasipo upepo, sakafu umeimwagia maji ili vumbi litulie. Anza na paa, maana utaegemea milango ukilipaka. Maliza kipande kimoja kwanza: pitisha rola kwa urefu, kisha kwa upana, halafu gusisha ncha tu ya brashi laini karibu kavu ili mapovu yapasuke. Ukishaondoka hapo usirudi. Rangi iliyoanza kukamata ukiigusa inafanya matuta.

Tabaka la kwanza litakukatisha tamaa. Rangi ya zamani itaonekana chini yake, mabaka kila mahali, na mkono utakuwasha uongeze. Usiongeze! Linatakiwa liwe jembamba hivyohivyo. Lipe siku nzima. Baada ya matabaka mawili piga msasa wa maji namba 800 kwa mkono mwepesi, hasa kwenye kingo za milango ambako rangi huisha kwanza, kisha paka mengine mawili. Kwa kawaida manne hadi sita yanatosha. Mwishoni liache wiki kadhaa likomae kabisa, ndipo upitishe namba 1000, 1500 na 2000, umalize kwa polishi. Hapo ndipo vipele vidogo vinavyoachwa na rola, kama vya ganda la chungwa, hutoweka na mng'ao wa kioo ukatokea.

SWALI: Fundi, nikipaka kwa rola halafu baadaye nikapata fedha, naweza kupeleka gari likapuliziwe juu yake?

JIBU: Si moja kwa moja. Thina kali ya rangi za kupulizia huipenya rangi ya mafuta, ikaivimbisha na kuikunja, hata kama imekaa miezi. Fundi makini atataka kuikwangua yote, na kukwangua ni gharama. Kama unaona fedha hizo zitapatikana karibuni, shughulikia kutu na praima tu kwa sasa, ukitumia praima inayokubali rangi utakayopulizia. Umuulize fundi wako ni ipi kabla ya kununua.

Na vitambaa vyenye rangi ya mafuta usivirundike kwenye pipa la taka. Vinaweza kupata joto vyenyewe na kuwaka moto. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja.