Le Creuset, Staub au Lodge: Kuchagua Sufuria Nzito ya Chuma Yenye Enameli

Mtu aliyezoea sufuria nyepesi za alumini akihamia Marekani au Ulaya hushangaa kusikia kwamba kuna sufuria moja inayouzwa kwa zaidi ya dola 400, na hushangaa zaidi anapoinyanyua. Ni sufuria ya chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kisha kikapakwa unga wa kioo na kuchomwa kwa joto la takriban nyuzi 800 za Selsiasi mpaka kioo na chuma vikashikamana. Mpako huo, yaani enameli, ni wa jamii moja na ule wa vikombe vya bati tulivyonywea chai nyumbani. Nimezipikia sufuria za namna hii kwa miaka kadhaa hapa Marekani, na kwa kuwa ndugu na marafiki huniuliza mara kwa mara wanunue za kampuni gani, nimeona niandike majibu yangu mahali pamoja.

Kwanza ieleweke kwamba ladha ya chakula haibadiliki kwa sababu ya jina lililochapwa kwenye mfuniko. Chuma hupitisha joto polepole kuliko alumini, lakini kikishapata moto hakiuachi upesi, na ndiyo maana maharage ya nazi au mchuzi wa mbuzi huiva taratibu humo bila kuungua upande mmoja. Enameli nayo huzuia ukwaju, ndimu na nyanya visigusane na chuma, jambo ambalo sufuria ya chuma kitupu haiwezi. Sifa hizo utazipata katika sufuria ya dola 80 kama utakavyozipata katika ile ya dola 400. Kinachotofautiana ni uzito, rangi ya ndani, mfuniko, na namna mpako unavyostahimili miaka ya mwiko na moto.

Mimi huanza na rangi ya ndani, ingawa wauzaji wengi huanza na rangi ya nje. Le Creuset, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1925 huko Fresnoy-le-Grand kaskazini mwa Ufaransa, hupaka ndani ya sufuria zake enameli laini ya rangi ya mchanga mweupe. Kwa mpishi wa pilau faida yake ni kubwa, kwa sababu rangi ya pilau yote hutegemea vitunguu, na muda baina ya kitunguu kilichokolea vizuri na kitunguu kilichoungua ni mfupi mno. Katika sufuria yenye ndani nyeupe unaona kila hatua, na unajua lini utie nyama na lini umwage maji kidogo ili kukwangua vilivyoshika chini. Ubaya wake ni kwamba manjano na masalio ya mafuta huacha madoa. Madoa hayo hayana madhara, na kuchemsha maji yenye bikaboneti ya soda huyapunguza, lakini asiyependa kuona sufuria ya bei hiyo ikiwa na madoa atapata tabu.

Staub ilianzishwa na Francis Staub huko Alsace mwaka 1974, na tangu 2008 inamilikiwa na kampuni ya Kijerumani ya Zwilling. Ndani yake ni nyeusi, isiyong'aa, yenye ukavu fulani ukiigusa kwa kidole. Nyama ikikaangwa humo hupata rangi nzuri sana, na madoa hayaonekani kabisa. Mfuniko ni mzito na una vinundu vidogo upande wa ndani, ambavyo hukusanya mvuke na kuudondosha juu ya nyama kote kote. Kwa nyama ngumu inayopikwa saa tatu kwa moto mdogo, hiyo ndiyo ninayoichukua kabatini. Kwa vitunguu vya pilau siichukui, kwa kuwa katika weusi ule mtu hulazimika kutegemea pua kuliko macho.

Lodge ni ya Wamarekani, ipo South Pittsburg katika jimbo la Tennessee tangu 1896, ingawa sehemu kubwa ya sufuria zake za enameli hutengenezwa China. Ndani ni nyeupe kama Le Creuset, na bei yake ya kawaida kwa ukubwa wa lita tano na ushee haifiki dola 100. Ni nzito zaidi, na vishikio vyake havimwachii nafasi kubwa mtu anayeshika kwa kitambaa kinene. Hata hivyo, kwa mtu anayenunua sufuria ya kwanza ya aina hii, ushauri wangu ni kwamba anunue hii, apike nayo mwaka mzima, ndipo aamue kama wepesi kidogo na umaridadi wa Kifaransa vinastahili kulipiwa mara nne au zaidi. Mwenye maumivu ya mikono au mgongo namtoa katika ushauri huo, maana kwake uzito si jambo dogo.

Yapo mapishi yetu ambayo hakuna hata moja kati ya hizi inayoyafaa. Ugali ni mmojawapo: kusonga kunakwenda vizuri kwa sababu sufuria haiyumbi, lakini nani atapindua kilo tano za chuma chenye moto juu ya sahani? Wali wa kupalia makaa juu ya mfuniko nao haufai, kwa kuwa makaa huharibu enameli. Uingizwe ndani ya oveni, ambamo joto hutoka pande zote. Anayetaka makaa hasa atafute ile sufuria ya Lodge isiyo na enameli, yenye miguu mitatu na ukingo kwenye mfuniko wa kuzuia makaa yasimwagike.

Kuhusu ukubwa, kipenyo cha sentimita 26, ambacho katika Le Creuset huwa lita 5.3 hivi, hutosha robo tatu ya kilo ya mchele wa pilau pamoja na nyama yake. Zote hutumika kwenye gesi, umeme na induksheni (jiko linalopasha chuma cha sufuria kwa sumaku), mradi zisipashwe moto zikiwa tupu wala kumwagiwa maji baridi zikiwa bado zinafuka.

Anayevutiwa na zile za Ufaransa lakini bei inamshinda aulizie bidhaa za daraja la pili, ambazo kasoro yake mara nyingi ni ya rangi ya nje tu, au atafute zilizotumika. Sufuria iliyotumika ipelekwe mwangani na ipapaswe ndani kwa kidole, hasa chini na kwenye kona ya duara. Enameli iliyobanduka ndani haitengenezeki nyumbani, na vipande vyake ni kioo kinachoweza kuingia katika chakula, kwa hiyo sufuria ya namna hiyo iachwe dukani hata kama inauzwa dola 20.