Umepanga apatimenti na unataka dishi? Angalia anga kwanza

Watu wakihamia apatimenti wanaanza kuulizana kwenye magrupu ya WhatsApp, jamani king'amuzi gani kizuri, kifurushi gani kina mechi nyingi, na majibu yanamiminika, huyu Azam, huyu DStv, yule StarTimes, ila hakuna hata mmoja anayeuliza uko ghorofa ya ngapi na balkoni yako inatazama wapi. Mimi nimepanga Sinza, nikapanga Kijitonyama, sasa hivi niko Tabata, na kwa niliyoyaona ukiwa mpangaji kampuni huichagui peke yako. Anga linachagua, mwenye nyumba naye anachagua, wewe unamalizia na kilichobaki.

Hili la anga ngoja nilieleze vizuri maana ndo linalokula hela za watu. Setilaiti za TV ziko juu ya ikweta na ukiziangalia kutoka chini ni kama zimesimama palepale, hazihami. Ya DStv kwa huku kwetu iko kwenye longitudo ya nyuzi 36 mashariki na Dar iko kama nyuzi 39, kwa hiyo ukisimama Dar ile setilaiti iko karibu na utosi wako. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, yaani kwetu sisi ni mbali kuelekea magharibi, dishi lake linatazama upande jua linakozama, na kwa kimo ni kama katikati ya upeo wa macho na utosi. Sasa yachukue hayo uyapeleke kwenye balkoni yako. Kama uko ghorofa ya pili, juu yako kuna balkoni ya ghorofa ya tatu, na lile zege limeziba utosi wote, kwa hiyo dishi la DStv pale ndani halishiki kitu labda litokezwe nje kwa mkono mrefu wa chuma au lipelekwe juu ya paa. La Azam linaweza kukaa hapohapo kama balkoni inatazama magharibi na mbele hakuna jengo refu zaidi yenu. Kama inatazama mashariki usijisumbue, ni paa tu.

Na usihukumu kwa macho. Haya madishi madogo LNB yake, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi, inakaa chini pembeni, haiko katikati, kwa hiyo dishi linapoonekana limeelekea siko linakochukulia mawimbi, linachukua juu zaidi ya hapo. Ndo maana dishi la Azam unaliona limeinuka kidogo tu, kama linatazama ukuta wa jirani, kumbe linapitisha macho juu ya ule ukuta. Simu yako ina dira, siku unaenda kuona nyumba ifungue, simama balkoni, jua magharibi ni wapi, inua macho kati na kati, kama kuna mwembe au gorofa linajengwa hapo mbele, ulishajua. Gorofa linalojengwa ndo baya zaidi maana leo unaona vizuri, baada ya miezi kadhaa wameweka sakafu nyingine mbili na mawimbi yamekata.

Mwenye nyumba sasa. Dar tunalipa kodi ya miezi sita, wengine mwaka mzima, na ukishalipa nguvu ya kuongea imeisha. Kwa hiyo suala la dishi liulize kabla hela haijatoka mfukoni, usimuulize dalali maana dalali atakwambia "hamna shida kabisa kaka" kwa kila kitu, muulize mwenye nyumba mwenyewe au anayemsimamia. Naruhusiwa kutoboa ukuta? Naruhusiwa kupanda kwenye matenki? Ufunguo wa paa anakaa nao nani? Nyumba niliyopanga Kijitonyama mwenye nyumba alikuwa hataki kuona dishi upande wa barabarani, anasema linaharibu sura ya jengo, na kwa kweli nilimuelewa, jengo lake. Tukakubaliana dishi likae juu nyuma ya tenki, tukaandika kwenye mkataba mstari mmoja tu, kwamba nitaziba matobo nikihama na dishi na stendi ni vyangu. Huo mstari ulinisaidia sana siku ya kuhama maana hapakuwa na maswali.

Alafu kabla hujanunua chochote panda juu ya paa uangalie. Majengo mengi yana madishi ya wapangaji waliohama zamani, yameachwa na waya wake unaning'inia. Ongea na mlinzi, yeye ndo anajua lipi la nani na lipi halina mwenyewe. Unaweza kukuta kazi yako ni kubadilisha LNB na kupitisha waya tu.

Jambo ambalo natamani wapangaji wa gorofa moja wangelijadili ni kuchangia dishi. Dishi moja linaweza kuwa na LNB ya matundu mawili, manne, hata manane, na kila tundu ni waya wake unaoenda kwenye king'amuzi chake. Nyie majirani wanne mnaotaka kampuni moja mnanunua dishi moja kubwa zuri, mnamlipa fundi mara moja, kila mtu na king'amuzi chake na kifurushi chake anacholipia mwenyewe, hakuna wizi wowote hapo na mwenye nyumba anafurahi kuona dishi moja badala ya manne. Lazima waya uwe mmoja mmoja kutoka juu mpaka chini. Fundi akikwambia mtagawana waya mmoja kwa kile kigawanyishi cha bei rahisi mkatalie, kwa sababu king'amuzi kinapeleka umeme kidogo juu kwenye LNB, volti 13 au 18, na hizo volti ndo zinaiambia LNB ichukue mawimbi ya mlalo gani, sasa ving'amuzi viwili vikivutana kwenye waya mmoja mwenzako anabadilisha chaneli wewe inakupotea. Na kama mmoja wenu ana kile cha kurekodi aseme mapema, vinaweza kuhitaji LNB yake tofauti.

Faida nyingine ya kuchangia ni kwamba mnaweza kumudu dishi la sentimita 90 badala ya 60. Wakati wa masika utaelewa ninachosema. Mvua kubwa inanyonya mawimbi kabla hayajafika, ndo yale ya E48-32 kwenye skrini, ule ujumbe wa DStv kwamba hakuna mawimbi, dakika za mwisho za mechi, na dishi kubwa linavumilia zaidi. Halizuii kabisa, mvua ya Aprili ni mvua ya Aprili, ila inakata kwa muda mfupi.

Unaangalia nini pia ni swali, japo hili wengi wanajijua. Kama roho yako iko Simba na Yanga, Azam ndo wana Ligi Kuu, mkataba wao wa 2021 ni wa miaka 10, wa bilioni 225.6, kwa hiyo hapo hakuna cha kusubiri. Ligi ya Uingereza ni DStv. Kama ni mechi moja moja kubwa kwa mwezi, kwa uaminifu kibanda umiza kipo na ni hela ndogo, sioni sababu ya kufunga dishi kwa ajili ya mechi mbili.

Na kama mkataba wako ni wa miezi sita na hujui kama utaendelea, mimi nakushauri anza na king'amuzi cha antena. Hakitaki ruhusa ya mtu, hakitoboi ukuta, antena unaiweka dirishani, siku ya kuhama unaitia kwenye begi. Mama yangu akija kutoka Tanga anachotaka ni taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na TBC na ITV anazipata hapo.

Wapo wanaosema siku hizi ni app tu. Kama jengo lina faiba isiyokatika, sawa, nakubali kabisa. Kama unategemea bando la simu piga hesabu kwanza, Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa, chukulia hivyohivyo kwa mpira wa saa mbili ukiwa na mapumziko, zidisha kwa mechi za mwezi mzima uone. Na app inachelewa nyuma ya dishi, jirani anashangilia goli wewe bado unaangalia wanapiga kona, kwenye dabi hiyo inauma.

Ukiamua dishi basi, siku fundi anakuja mwambie apime mawimbi kabla ya kuwasha drili. Alishike dishi kwa mkono pale anapotaka kulifunga, aunganishe na kile kipimo chao au na king'amuzi chako, muone kiwango wote wawili, ndo atoboe. Akikwambia toboa kwanza tutatafuta mawimbi baadaye, mpe hela ya nauli aende, tafuta mwingine.