Hakiki namba na uzito kabla kontena halijafika getini

Nafanya kazi ya kufuatilia mizigo ya wateja bandarini, na simu nyingi za malalamiko ninazopokea zinahusu kontena lililokwama getini kwa sababu ya herufi au tarakimu moja.

Mahali pa kulaza kontena yadini hupangwa na programu, na dereva wa kreni huletewa maelekezo kwenye skrini. Programu hiyo huangalia uzito, meli litakayopanda, bandari litakakoshushwa na kama limebeba shehena ya hatari. Kwa hiyo ukiipa taarifa mbovu, itapanga vibovu.

Anza na namba. Ina herufi 4, tarakimu 6, na tarakimu moja ya mwisho ambayo mara nyingi huchorwa ndani ya kiboksi. Hiyo ya mwisho ndiyo mlinzi. Kila herufi ina thamani yake. Thamani ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, kisha 4, 8, hadi 512. Jumla hugawanywa kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya mwisho (baki ikiwa 10, huandikwa 0). Chukua CSQU3054383: jumla ni 6185, baki 3. Sawa. Sasa karani akipindua 54 ikawa 45, jumla inakuwa 6249, baki 1, na mfumo unaikataa papo hapo. Napenda sana hesabu hii. Imeokoa mizigo mingi. Nakili namba kutoka mlangoni mwa kontena lenyewe, piga na picha, usitegemee ya kusomewa kwenye simu.

Uzito nao usikisie. Tangu 1 Julai 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa maisha baharini (SOLAS) haziruhusu kontena lenye mzigo kupakiwa melini bila uzito uliothibitishwa. Wengi hutaja uzito wa bidhaa tu. Jumlisha mbao, vifungashio na kontena tupu, ambalo kwa la futi 20 ni tani 2 na ushei. Uzito wake umeandikwa mlangoni. Kontena zito lililosajiliwa kuwa jepesi linaweza kupangwa juu ya mengine melini, na hapo maisha ya mabaharia yamo hatarini.

Ukibadilisha kontena dakika za mwisho, mwarifu wakala wako saa hiyohiyo, akutumie hati iliyorekebishwa, uisome mwenyewe kabla lori halijaondoka.