Muulize Fundi: Diski moja, kazi mbili

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimenunua mashine iliyotumika, ile ambayo chini ni msumeno wa kukatia pembe na juu ya kichwa chake kuna meza ndogo ya kuchania mbao. Kukata pembe nimezoea. Juzi nilijaribu kwa mara ya kwanza kuchana ubao juu ya ile meza. Nilipofika katikati, ubao ulifyatuka, ukanipiga tumboni na kwenda kuangukia nyuma yangu. Mashine ilikuja bila kava ya juu na bila kile kibapa cha chuma kinachosimama nyuma ya diski. Aliyeniuzia alisema mafundi wengi huvitoa kwa sababu vinasumbua. Nimekosea wapi? (Seremala mwanagenzi)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla ya mashine, tumbo lako. Pigo la tumboni linaweza kuumiza ndani bila kuacha alama nje. Kama bado lina maumivu, au limekuwa gumu, au umeona damu kwenye mkojo, nenda hospitali leo. Gazeti utalimalizia baadaye.

Sasa tuje kwenye kazi. Unasema kukata pembe umezoea, na naamini ndiko tatizo lilikoanzia. Mashine yako ina diski moja inayozunguka upande uleule siku zote: meno ya mbele, yaliyo upande wako, yanashuka, ya chini yanakwenda mbele, mbali nawe, ya nyuma yanapanda, ya juu yanakuja kwako. Unapokata pembe unatumia meno ya chini. Hayo yanausukuma ubao kwenye kiegemeo kilicho nyuma yake, kwa hiyo mashine inakusaidia kuushikilia. Ukipanda mezani unatumia meno ya juu, na hayo yanausukuma ubao kuelekea tumboni kwako. Mkono uliozoea kusaidiwa na mashine sasa unapingwa nayo. Diski ya milimita 250 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika ina meno yanayokimbia mita 39 hivi kila sekunde, yaani kama kilomita 140 kwa saa. Hakuna mkono unaoweza kuuzuia ubao uliodakwa na mwendo huo.

Meno ya mbele yanashuka, kwa hiyo yanaugandamiza ubao mezani, hayana shida. Hatari iko kwa meno ya nyuma, yanayopanda. Ubao ukiyagusa, yanaunyanyua na kuurusha kwako. Utayagusaje? Mti una mikazo ndani yake tangu ulipokuwa umesimama, na ukiuchana mikazo hiyo inafunguka. Mara nyingine pande mbili za mkato zinaachana, mara nyingine zinabanana na kuikaba diski kwa nyuma. Kile kibapa ulichoambiwa kinasumbua kazi yake ni hiyo tu: kinakaa ndani ya mkato, kinazuia pande mbili zisikutane. Mimi nakiita kisu cha kutenganisha. Kingekuwepo juzi, kuna uwezekano mkubwa ubao ule usingekufikia.

Kwa hiyo usichane tena hata ubao mmoja mpaka ukipate. Soma namba ya aina ya mashine kwenye kibati chake, uagize kisu na kava za aina hiyohiyo. Usikate kipande cha bati ukakiweka. Kisu lazima kiwe chembamba kuliko upana wa mkato, la sivyo ubao utakwama. Na kiwe kinene kuliko mwili wa diski, la sivyo mkato utajifunga kabla hakijafanya kazi. Ukikifunga, pengo kati yake na meno liwe milimita 3 hadi 8. Mimi huliweka karibu na 3.

Kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine ndiko wengi wanakofanya haraka, na hapo sitaki mzaha. Plagi itoke ukutani kwanza. Kuzima swichi hakutoshi. Rudisha pembe zote kwenye sifuri, shusha kichwa mpaka chini, kifunge kwa pini yake, kisha ukivute kwa nguvu kuhakikisha kimeshika. Funga kava ya chini, kwa sababu ukiwa juu unachana, meno ya chini nayo yanazunguka na huyaoni. Halafu kisu, halafu kava ya juu. Urefu wa diski juu ya ubao uwe kiasi cha jino zima kutokeza, si zaidi. Unaporudi kukata pembe, pandisha meza ya juu mpaka mwisho ili meno yasitokeze kwenye tundu lake. Nimemwona fundi mzuri akiegemeza kiganja kwenye meza hiyo huku akishusha kichwa. Bahati yake, alikuwa ameipandisha.

Ule ubapa mrefu unaoongoza ubavu wa ubao (mimi nausema kiongozi) upime kila unapoufunga. Weka alama ya chokaa kwenye jino moja, pima umbali wake hadi kwenye kiongozi likiwa mbele, zungusha diski kwa mkono jino hilohilo lije nyuma, upime tena. Vipimo vilingane. Nyuma kukiwa kwembamba, umejitengenezea mtego mwenyewe, hata kama ubao ni mkavu na umenyooka. Mashine zetu hizi za kazi mbili zina kiongozi kifupi kinachojipinda kidogo ukikikaza, kwa hiyo usiamini mstari wa vipimo uliochorwa kwenye meza.

Kingine: usisimame kwenye mstari wa diski. Kiongozi kikiwa kulia, wewe simama kidogo kushoto. Ubao unaorudi mara nyingi ni kile kipande kilicho kati ya diski na kiongozi. Sukuma kipande hichohicho mpaka kipite kisu, na sentimita 30 za mwisho zisukumwe kwa kijiti chenye mdomo uliochongwa, si kwa vidole. Meza yako ni ndogo, ubao mrefu utainamia nyuma na kujinyanyua mbele. Weka stuli ya kimo hichohicho upande wa kutokea. Mashine yenyewe ifungwe kwa bolti kwenye benchi.

Kuhusu diski umenyamaza, ila nahisi unatumia ileile iliyokuja na mashine. Diski ya kukatia pembe huwa na meno mengi, 60 hivi, yaliyosimama wima au kulala nyuma kidogo ili yasiudake ubao. Ukichana nayo utalazimika kusukuma kwa nguvu, ubao utaungua, na mkono unaosukuma kwa nguvu ndio unaoteleza. Ya kuchania ina meno machache, kama 24, yaliyoinama mbele. Hiyo nayo ukiipeleka kwenye pembe itaurukia ubao. Kubadilisha diski kila mara ni kazi, lakini ifanye. Siku ya haraka yenye mikato michache, diski ya meno 40 inaweza kuvumilia zote mbili.

Nikuonye na la mwisho, kwa sababu lilinipata. Nilikuwa na miaka 23, kwenye karakana niliyofundishwa kazi. Nilitaka vipande vifupi vinavyolingana, nikatumia kiongozi kama kizuizi huku nikisukuma ubao kwa kile kipimapembe cha mezani, yaani kile kiegemeo kinachoteleza juu ya meza na kuupeleka ubao kwenye diski kwa pembe unayoitaka. Kipande kilichokatika kikabaki kati ya diski na kiongozi, hakina pa kwenda, kikageuka kidogo. Sikuona kilivyoruka. Kucha ya kidole gumba changu cha kushoto haijaota sawa tangu siku hiyo. Vipande vifupi kata upande wa pembe, kwa kizuizi, ubao ukiwa umebanwa kwa klampu.

SWALI: Fundi, binti yangu ananisaidia karakanani. Nimnunulie glavu za ngozi kwa ajili ya msumeno?

JIBU: Hapana, mama. Mbele ya diski inayozunguka glavu ni hatari: jino likidaka uzi mmoja, linavuta glavu yote na mkono ulio ndani. Avae glavu anapobeba mbao au kubadilisha diski, azivue kabla ya kuwasha. Mikono ya shati ikunjwe, nywele zifungwe, kamba za aproni zisining'inie.

Fedha hiyo nunulia miwani, vizibo vya masikio, na barakoa nzuri ya vumbi. Barakoa usiione ni jambo dogo. Tangu 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Kama mashine ina tundu la kutolea vumbi, unganisheni mfyonzaji hapo, na hata hivyo barakoa ibaki usoni mpaka vumbi litulie.