Wasioamini wanapomsoma Paulo: majibu kwa maswali yenu

Mwalimu, shikamoo. Mwanangu karudi likizo kutoka chuo kikuu, anasema siku hizi wanafalsafa wasioamini Mungu wanamsoma Mtume Paulo. Ni kweli? (Mama, Dodoma)

Marahaba, mama. Ni kweli. Mwaka 1997 Alain Badiou, Mfaransa, alitoa kitabu kizima juu ya Paulo. Badiou ni mtu wa uyakinifu, fikra inayoshikilia kwamba kilichopo ni maada tu, na ufufuo anauita hekaya. Kinachomvuta ni namna Paulo alivyoshikamana na tukio moja hadi mipaka ya kabila na hadhi ikavunjika: "Hapana Myahudi wala Myunani. Hapana mtumwa wala huru" (Wagalatia 3:28). Usimkemee kijana. Mwambie akusomee waraka huo wote kwa sauti. Una sura 6 tu.

Žižek anasema Mungu mwenyewe alikufa msalabani, hakubaki mwingine mbinguni. Hiyo si kufuru? (Mkatekista, Iringa)

Slavoj Žižek, mwanafalsafa wa Slovenia, anajiita Mkristo asiyeamini Mungu. Kwa kumfuata Hegel, mwanafalsafa Mjerumani wa zamani, anadai kwamba aliyekufa Golgotha si mjumbe wa Mungu, ni Mungu mwenyewe, na kwamba Roho Mtakatifu ni ile jumuiya iliyobaki bila baba wa kuitegemea. Nguzo yake ni Marko 15:34: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?"

Hitimisho lake nalikataa. Mstari aliouchagua, hata hivyo, siwezi kumnyang'anya. Ijumaa Kuu moja msomaji wetu alipofika kwenye "Eloi, Eloi", sauti ilimkatika. Bibi aliyekaa mbele yangu, aliyekuwa amemzika mwanawe mwezi uleule, alivuta kitenge akajifunika uso. Hakuna aliyekohoa. Sisi wahubiri tuna haraka ya kufika Jumapili. Kilio kile tunakipita kama mtu anayetoa rambirambi mlangoni akaondoka. Žižek anatukalisha mkekani pamoja na wafiwa, na kwa hilo namshukuru.

Tena wazo hilo hakulitoa kwa wapinzani wa imani. Analichukua kwa Chesterton, Mwingereza mtetezi wa Ukristo, aliyeandika mwaka 1908 kwamba pale msalabani Mungu alionekana, kwa nukta moja, kana kwamba haamini Mungu.

Ila kilio kile ni mstari wa kwanza wa Zaburi 22, na zaburi hiyo inaendelea: "Wala hakumficha uso wake, bali alipomlilia akamsikia." Anayelia "Mungu wangu" bado anaye wa kumlilia. Žižek anafunga kitabu mapema.

Kuna mwanateolojia aliyemjibu ana kwa ana? (Mwanafunzi, Limuru)

John Milbank, Mwanglikana wa Uingereza. Mjadala wao ulichapishwa mwaka 2009 katika kitabu kimoja. Milbank anaigeuza hoja: anasema uyakinifu usio na Mungu hauiheshimu maada vya kutosha, kwa kuwa mwishowe unaiacha tupu, bila maana ya ndani. Anayesadiki kwamba "Neno alifanyika mwili" ndiye mwenye sababu ya kuheshimu udongo, mkate na kidonda. Hapo namuunga mkono kwa moyo wote. Lakini anaandika kwa uzito wa kuchosha, na kile kilio anakipita upesi kuliko ninavyopenda.

Niwaruhusu vijana wa kanisa wawasome? (Mchungaji, Mombasa)

Waruhusu, na ukae nao. Siku mtakayomfungua Badiou, fungueni pia 1 Wakorintho 15:14: "kama Kristo hakufufuka, basi kuhubiri kwetu ni bure." Kisha waulize vijana: je, mtu anaweza kuchukua uaminifu wa Paulo na kukiacha kile alichokuwa mwaminifu kwacho? Waache wabishane hata kama kikao kitapitiliza muda.